Mwongozo kamili: kutengeneza sabuni ya mche kwa mashine, kuanzia mafuta mpaka muhuri

Wengi wanaouliza maswali ya sabuni wanaanza na picha ya ploda, ile mashine ya skru inayosukuma sabuni itoke kama mche. Mche umetoka umepasuka kama udongo wa kiangazi, au una malengelenge, au ulitoka mzuri kabisa afu baada ya wiki umeota unga mweupe, na swali ni lilelile, mashine yangu ina tatizo gani? Mara nyingi haina tatizo. Ukirudi nyuma unakuta kosa lilifanyika kwenye mzani au kwenye tanki la kupikia, masaa mengi kabla sabuni haijafika kwenye ploda. Ploda inakanda na kusukuma basi, haipiki, haikaushi, wala haipunguzi kostiki (alikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) iliyozidi.

Kwa hiyo huku chini nitakaa sana kwenye kupima na kupika, na mashine za mwisho nitazipitia nikiwa nimeshakuonyesha sabuni inatakiwa iweje kabla ya kuingia humo. Nitatumia bechi moja ya kilo 100 za mafuta. Ukiiweza hiyo, kuongeza ukubwa ni hesabu ya kuzidisha na tanki kubwa zaidi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Malighafi za bechi moja:

- Mafuta ya mawese (au stearini ya mawese, yaani sehemu yake ngumu, au shahamu ya ng'ombe) kilo 80
- Mafuta ya nazi kilo 20
- Kostiki soda ya vipande, usafi 98%, kilo 15
- Maji safi kilo 34
- Silikati ya sodiamu kilo 5 hadi 8, kama unaitumia
- Chumvi kilo 1 hadi 1.5, rangi, manukato
- Sabuni ya zamani, mabaki ya kukatia, kama kilo 5. Usiyatupe, kazi yake utaiona

Mashine na vyombo: tanki la kupikia lenye koti la mvuke na pangaboi la kukoroga, boila ndogo ya mvuke, tanki la kuyeyushia mafuta lenye chujio, tanki la kostiki, mizani miwili (mkubwa wa mafuta na mdogo wa vitu vya gramu), kipimajoto kirefu, haidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa kimiminika), fremu za kugandishia, mashine ya kuchana sabuni vipande, ploda, kikatio na mashine ya muhuri. Kwa upande wa vipimo tafuta fenoftalini (dawa inayogeuka waridi ikikutana na alikali), ethanoli, asidi ya haidrokloriki ya 0.1 N (ndo kipimo cha ukali wake), bureti moja (mrija wa kioo wenye alama za mililita na koki) na oveni ndogo.

Bechi hii inatoa kama kilo 150 za sabuni, ila tanki liwe la lita 250 hadi 300. Sabuni inapoiva inapanda kama maziwa kwenye sufuria, na tanki lililojazwa mpaka juu litakumwagikia uji wa nyuzi joto 90 wenye kostiki ndani. Usijaze zaidi ya asilimia 60 au 65.

Chuma cha pua ndio bora. Chuma cha kawaida kinavumilia ila kinaweza kuipa sabuni weusi. Aluminiamu na bati lililopakwa zinki marufuku kabisa, kostiki inavila na kutoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka. Shaba nayo usiiweke popote panapogusana na mafuta au sabuni maana inaharakisha sabuni kuchacha, na hapa watu wanasahau vitu vidogo, valvu, koki, kiungio cha bomba, unakuta tanki zuri la chuma cha pua lina koki ya shaba chini.

Vya kujikinga: miwani inayoziba pembeni, glavu ndefu za mpira, buti, aproni ya mpira, na bomba la maji linalofanya kazi hatua chache kutoka unapofanyia kazi. Kostiki ikikugusa ngozi vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi. Siki usipake, inaongeza joto kwenye jeraha na kukupotezea muda. Jichoni ni maji hivyohivyo, bila kukatisha, afu hospitali.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya kostiki kabla ya kugusa kitu

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki kinachohitajika kuyageuza yote kuwa sabuni. Mawese yanataka kama gramu 142 za kostiki safi kwa kilo moja, shahamu ya ng'ombe karibu 141, nazi karibu 183. Ndo maana mtu akibadilisha nazi akaweka mawese tupu bila kugusa hesabu anapata sabuni inayochuna mikono.

Bechi yetu: mawese 80 × 0.142 = 11.36, nazi 20 × 0.183 = 3.66, jumla kilo 15.02 za kostiki safi. Tunapunguza asilimia 2 ili yabaki mafuta kidogo badala ya kostiki, inabaki 14.72. Kostiki yako ni 98%, sio 100, kwa hiyo 14.72 ÷ 0.98 = kilo 15.02 za vipande. (Ile 2% uliyoitoa na ile 2% ya uchafu zimekutana, ni bahati ya namba tu, usije ukaifanya kanuni.)

Namba hizo ni za wastani. Msambazaji akikupa cheti cha mafuta chenye thamani ya sabunisho, yaani kiasi cha alikali kinachohitajika kuyageuza kuwa sabuni, tumia ya kwake. Kwa kawaida imeandikwa kwa miligramu za kostiki potashi kwa gramu, mfano 199, basi izidishe kwa 0.713 upate ya kostiki soda: 199 × 0.713 = 142.

Kuhusu kostiki yenyewe, gunia lililofunguliwa likakaa wiki mbili bila kufungwa vizuri limeshanyonya unyevu na hewa ya ukaa, na sehemu yake imegeuka kuwa magadi. Magadi hayo hayapiki mafuta. Utapima kilo 15 kwenye mzani na ndani yake kostiki ya kweli ni pungufu, sabuni inabaki na mafuta, unalaumu fundi wa tanki. Fungua gunia, tumia, kinachobaki kifunge kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

## Hatua ya 2: Yeyusha kostiki, ikiwezekana jana yake

Weka maji kilo 34 kwenye tanki kwanza. Kostiki inaingia kwenye maji, kidogokidogo, huku unakoroga. Ukigeuza ukamwaga maji juu ya kostiki, yale maji ya kwanza yanachemka papohapo na kukurukia usoni.

Kilo 15 kwenye maji 34 zinatoa joto kali, ukimimina zote kwa pamoja mchanganyiko unaweza kukaribia kuchemka. Gawa mara tano au sita, subiri kati ya mara na mara, kaa upande upepo unakotokea maana ule mvuke unawasha koo vibaya. Afu funika, acha ipoe.

Ikipoa weka haidromita. Mchanganyiko huu ni wa 30%, kwenye nyuzi joto 20 unasoma karibu 1.33, kwenye skeli ya Baumé (baadhi ya haidromita zina hiyo) ni kama 36. Ikiwa bado ya moto itasoma chini, usikimbilie kuongeza kostiki. Na kama imepoa kabisa na bado inasoma 1.28, basi ama maji yamezidi ama kostiki yako imechoka. Uzuri ni kwamba hapa kurekebisha hakukugharimu kitu, ila ukishamwaga kwenye mafuta utarekebisha kwa kubahatisha.

## Hatua ya 3: Yeyusha na chuja mafuta

Pasha mafuta mpaka nyuzi joto 70 hadi 80, yachujwe kwa wavu laini, ndipo yapimwe. Kupima mapipa na kudhani lita ni kilo ni kosa ninaloliona kila mara, lita moja ya mafuta ina kama gramu 900 tu, kwa hiyo lita 100 ni pungufu ya kilo kumi hivi, na kostiki yako sasa imezidi kwa asilimia kumi. Hiyo peke yake inatosha kuharibu sabuni.

Maji chini ya pipa la mafuta nayo hupimwa kama mafuta. Acha yatulie, toa maji kwa koki ya chini kwanza.

## Hatua ya 4: Upikaji wenyewe

Mimina mafuta kwenye tanki la kupikia, washa pangaboi, mzunguko wa taratibu kama 40 hadi 60 kwa dakika, fungua mvuke wa koti. Tupia zile kilo 5 za mabaki ya sabuni yaliyokatwakatwa. Sababu ni hii: mafuta na maji ya kostiki hayapendani, na mwanzoni yanagusana kwa shida, lakini sabuni iliyopo tayari inavishikanisha, kwa hiyo mwanzo ambao ungechukua saa nzima unakuwa dakika chache. Ni kama hamira ya jana kwenye unga.

Sasa kostiki, kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza, theluthi moja, mimina polepole kama mkondo mwembamba. Mchanganyiko unageuka kuwa mweupe kama maziwa mazito. Subiri mpaka uone unashikana na hauachii mafuta juu. Usimimine fungu la pili wakati mafuta yanaelea.

Fungu la pili ndo lenye hatari. Kadiri sabuni inavyoongezeka ndivyo upikaji unavyokwenda kasi, na unajitengenezea joto wenyewe, kwa hiyo unaweza kuwa na tanki tulivu afu ndani ya dakika mbili linapanda. Ukiona uso umeanza kuvimba, funga mvuke mara moja, endelea kukoroga, nyunyizia maji baridi kidogo juu. Mtu asiondoke hapo. Simu iwekwe mbali.

Fungu la tatu linaingia taratibu kuliko yote. Shikilia nyuzi joto 80 hadi 90. Jumla ya kupika ni saa moja na nusu mpaka tatu, inategemea mafuta na ukorogaji wako, saa ya ukutani haitakuambia imeiva, kipimo ndio kitakuambia.

Kuna kitu kinawatisha watu hapa: uji unakatika, unakuwa chengachenga kama maziwa yaliyoganda, na kimiminika kinatoka pembeni. Hiyo ni kostiki imekuwa nyingi kwa wakati mmoja au maji yamepungua, sabuni imejitenga kama inavyojitenga ukiimwagia chumvi nyingi. Haijaharibika. Acha kuongeza kostiki, weka maji ya moto lita moja moja huku unakoroga mpaka ifunge tena. Kinyume chake, uji ukiwa mzito mpaka mota inalia, nayo ni maji ya moto kidogo, maana ukilazimisha utaunguza mota au kukata shafti.

Ikifanikiwa inaonekana hivi: uji mmoja unaong'aa, wa kupenyeza mwanga kidogo, ukiinua mwiko unadondoka kama utepe mpana na sio matone, na tone lililopoa ukilibonyeza kwa glavu linakuwa kavu bila kuacha mafuta.

## Hatua ya 5: Pima kama imeiva

Kuna wazee wa kazi wanaogusisha ulimi. Usifanye. Na kuna vijana wanaodondosha fenoftalini moja kwa moja juu ya sabuni mbichi, ikigeuka waridi wanasema kostiki imezidi. Hiyo nayo haikuambii kitu, kwa sababu sabuni yenyewe ikiwa na maji ni ya alikali, hata sabuni safi kabisa itaonyesha waridi.

Njia inayofaa: chukua ethanoli mililita 100, tia matone ya fenoftalini, afu tone kwa tone la kostiki dhaifu mpaka ipate uwaridi hafifu sana. Hapo ethanoli yako imesawazishwa. Yeyusha humo gramu 10 za sabuni kwa kupasha kwenye maji ya moto, usitumie moto wa wazi maana ethanoli inawaka. Ikibaki karibu bila rangi, safi. Ikiwa waridi kali, dondosha asidi ya 0.1 N kwa bureti mpaka rangi ipotee, afu mililita ulizotumia zidisha kwa 0.04, hiyo ndo asilimia ya kostiki iliyo huru. Mililita 2.5 ni 0.1%. Mimi nataka iwe chini ya hapo.

Pembeni ya hicho fanya kipimo cha mafuta: kipande kidogo cha sabuni kwenye maji ya moto yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, ya kwenye bomba yanaweza kuwa na chokaa itakayokudanganya. Maji yakiwa angavu mafuta yameisha, yakiwa na macho ya mafuta juu bado.

Soma majibu mawili kwa pamoja, hapa ndo watu wengi wanapotea. Kostiki ipo na mafuta yapo: haijaiva, endelea kupika, usiongeze chochote. Kostiki ipo na mafuta hayapo: hesabu au mzani ulikosea, kostiki imezidi kweli. Mafuta mengi yapo na kostiki hakuna: kostiki ilipungua. Mafuta kiduchu na kostiki hakuna: ndio ile 2% tuliyoiacha makusudi, umefika.

Tuseme imezidi kweli na umetumia mililita 7.5, yaani 0.3%. Kwenye kilo 150 hiyo ni kilo 0.45 za kostiki. Gawa kwa 0.183, inahitaji mafuta ya nazi kama kilo 2.5. Weka 2, pika nusu saa, pima tena. Natumia nazi kwa kurekebisha kwa sababu inaiva haraka kuliko mawese.

## Hatua ya 6: Viongezo

Zima mvuke. Chumvi iyeyushwe kwenye maji kidogo ya moto, inasaidia mche kuwa mgumu, lakini ni kitu cha kuheshimu, ikizidi mche unapasuka na kutoka jasho. Kuna anayeniambia ameweka kilo 4 kwenye bechi kama hii ili iwe ngumu zaidi, afu anashangaa inakatika kama biskuti.

Silikati inaingia baada ya sabuni kuthibitika imeiva, sio kabla. Ikikutana na asidi za mafuta ambazo hazijapikwa inaachia silika, na silika hiyo ni chenga ngumu utakazozihisi kwenye kitambaa. Ikiingia vizuri inaipa sabuni ugumu, inapunguza kuchacha na inasaidia kwenye maji magumu. Kumbuka imebeba maji, kwa hiyo itakuongezea muda wa kukausha.

Manukato subiri mpaka nyuzi joto 60 au chini, ukiyaweka kwenye 85 umenukisha chumba, sabuni imebaki bila kitu.

## Hatua ya 7: Kugandisha na kukausha

Mimina kwenye fremu, funika, acha saa 24 hadi 72 kulingana na unene. Katikati ya bonge huchelewa kupoa, ukifungua mapema nje ni ngumu ndani ni uji.

Kama huna ploda, kazi yako karibu imeisha: kata kwa waya, panga kwenye rafu zenye hewa, piga muhuri. Sabuni ya fremu sio ya aibu hata kidogo.

Kama unaenda kwenye ploda, chana mabonge kwa mashine ya kuchania yawe vipande vyembamba, tandaza kwenye trei zenye hewa inayopita, geuza. Viwanda vikubwa vinarusha sabuni ya moto ndani ya chemba yenye vakiumu, maji yanaruka na sabuni inakwanguliwa ukutani, lakini kwa kilo 150 kwa siku trei zinatosha.

Sasa unyevu. Bechi hii inatoka kwenye tanki ikiwa na maji karibu 23% hadi 25%. Kwa mapishi haya mimi nalenga 18 hadi 20 kabla ya kuingiza kwenye ploda. Pima: gramu 10 zilizokwanguliwa nyembamba, oveni nyuzi joto 105, pima mpaka uzito usiposhuka tena. Zikibaki gramu 8, unyevu ni 20%. Ni kipimo rahisi kuliko vyote kwenye mwongozo huu, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote, watu wanashika kwa mkono wanasema imekauka.

Kitu kingine, usichanganye vipande vya leo na vya wiki iliyopita ukavitupia moja kwa moja. Vikavu havilainiki sawa na vibichi, na kila vinapokutana ndani ya mche panabaki mstari, na mstari huo ndio ufa wa kesho. Vichanganye, vifunike usiku mzima unyevu ugawane, afu asubuhi vipitishe ploda mara mbili.

## Hatua ya 8: Ploda

Ndani ya ploda kuna skru kubwa inayosukuma sabuni kupitia sahani yenye matundu, afu kwenye koni, afu kwenye tundu la umbo. Joto linatakiwa kuwa tofauti kwenye sehemu mbili na hapa ndo siri yake yote ilipo. Pipa la skru lipozwe kwa maji, koni ya mbele ipashwe.

Pipa likiwa la moto sabuni inalainika na kushika skru, inazunguka nayo bila kwenda mbele, mota inafanya kazi na hakitoki kitu. Koni ikiwa ya baridi uso wa mche unachanika na kuwa na mikwaruzo, ikiwa ya moto mno uso unapata malengelenge. Anzia koni nyuzi joto 50, pandisha au shusha kidogo kidogo kati ya 45 na 60 huku unaangalia uso wa mche, na upe dakika kumi kabla ya kugusa tena.

Kuwasha: pasha koni kwanza mpaka sabuni ya jana iliyoganda mdomoni ilainike. Anayewasha mota kwenye sabuni iliyoganda ndiye anayekuja kuuliza giaboksi inauzwa wapi. Lisha kwa mwendo sawa, rudisha mita chache za mwanzo kwenye hopa (mdomo wa kulishia sabuni). Kama ploda yako ina vakiumu, hakikisha chemba imejaa sabuni pande zote, la sivyo inavuta hewa na mche unatoka na mapovu ndani.

Weka jicho kwenye ampia za mota. Siku sabuni ikiwa na unyevu uleule, ampia zinakaa palepale. Zikipanda ni kavu au chujio limeziba, zikishuka ni mbichi. Baada ya mwezi utaijua bechi kwa kuangalia mita kabla hujaiona sabuni.

Mkono usiingie kwenye hopa mashine ikiwa inazunguka, hata kwa kusukuma kidogo. Weka wavu wa chuma juu, na ukitaka kuzibua kata umeme kwenye swichi kuu na ufunguo uwe mfukoni kwako wewe unayezibua.

Umefanikiwa ukiona: utepe unatoka kwa mwendo mmoja, uso laini wa kung'aa kidogo, ukiukunja taratibu unapinda kabla ya kukatika, na ukikata katikati hakuna duara kama za kitunguu. Duara hizo maana yake sabuni haikushikana, kwa kawaida ni kavu au baridi.

## Hatua ya 9: Kukata, muhuri na uzito

Acha mche upoe kidogo kabla ya muhuri, ukiwa wa moto unanasa kwenye kalibu. Kitambaa chenye maji ya chumvi kwenye kalibu kinasaidia usinase.

Uzito unaleta ugomvi na wateja. Mche wa gramu 1000 wenye unyevu 20% una gramu 800 za kitu kikavu. Ukishuka mpaka 15% dukani, 800 ÷ 0.85 = gramu 941. Mteja akipima anaona umemwibia gramu 59. Kwa hiyo ama ukate mkubwa zaidi, ama uandike uzito ambao bado utakuwa kweli baada ya kukauka. Kufunga kwa nailoni kunachelewesha tu, na ukifunga sabuni bado ya moto maji yanajikusanya ndani na kuchafua uso.

## Ukipata haya, rudi hapa

Unga mweupe juu ya mche ni kostiki huru iliyokutana na hewa na kugeuka magadi. Rudi hatua ya 5. Ukikwangua ukakuta upo juu tu na kipimo kilikuwa safi, inawezekana ni hewa baridi ilipiga sabuni kwenye fremu ikiwa haijafunikwa.

Jasho: kwa njia hii gliserini yote inabaki ndani ya sabuni na inavuta unyevu kidogo, hilo ni la kawaida siku za mvua. Matone yanayotiririka sio ya kawaida, angalia chumvi.

Madoa ya machungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani ni kuchacha. Mafuta yalikuwa yameshaanza kuchacha kabla, au kuna shaba au kutu mahali fulani, au uliacha mafuta mengi zaidi ya ile 2%. Mimi nilihangaika na madoa haya bechi sita mfululizo, nikabadilisha mafuta, nikabadilisha manukato, mpaka siku tulipofungua pampu ya mafuta tukakuta bushi ya shaba ndani.

Mche laini usiogandika, ama maji mengi ama mafuta laini mengi kama alizeti na soya. Kipimo cha oveni kitakuambia ni lipi kati ya hayo.

Bechi iliyoharibika usiitupe na usiifiche kwa kuichanganya kidogokidogo kwenye nzuri. Irudishe tankini na maji ya moto, ipikwe upya, ipimwe kama bechi mpya. Na kila bechi iwe na ukurasa wake kwenye daftari: uzito wa kila mafuta, namba ya gunia la kostiki, somo la haidromita, mililita za asidi, unyevu, ampia za ploda. Mistari sita tu, na iandikwe na mtu aliyepima mwenyewe, pale pale kwenye mzani, sio jioni kwa kukumbuka.